Ngoma Iliyomlilia Babu Akinywa Uji

Nimemuua babu yangu mara moja tu, na alifufuka kabla uji wake haujapoa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwetu, upande huu wa Macalder, kisa hicho kimeshasimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi, na kila anayekisimulia ananipunguzia akili kidogo. Wengine husema nilikuwa nimelewa. Wengine husema nilipandwa na pepo wa Kizungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.

Mazoezi ya nini? Ya jazi ya Afro-Kuba. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana jibu langu ni hilo hilo.

Chanzo ni mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye kwa desturi yetu huitwa nera. Yeye alikuwa akiendesha mashine ya kupandisha mawe kutoka shimoni katika machimbo ya Macalder. Machimbo yalipoanza kufungwa na Wazungu wakaanza kufunga masanduku, fundi mmoja aliyekuwa mkubwa wake alimwachia gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono na santuri kumi na moja. Kumi kati ya hizo zilikuwa za watu wanaoimba kama wamekanyagwa vidole. Ya kumi na moja ilikuwa na karatasi nyekundu katikati, maneno ya lugha tusiyoijua, na neno moja tu tulilolitambua: jazi.

Sindano za gramafoni ziliisha wiki ya kwanza. Nera akavunja mwiba wa mgunga, akauchonga kwa wembe, akaubana pale sindano inapokaa. Mwiba mmoja ulimaliza upande mmoja wa santuri, kisha ukawa butu, unatafuta mwingine. Kwa hiyo kila nikitaka kusikiliza ilinibidi kwanza nichomwe. Sijui kama kuna muziki mwingine unaolipiwa hivyo.

Tarumbeta zilitangulia, kila moja ikiongea kana kwamba nyingine haipo. Kinanda kikaingia kwa mlango wa nyuma. Na chini ya vurugu hiyo yote kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akigonga vijiti viwili: ko, ko, ko… ko-ko. Tatu, mbili. Hakuharakisha, hakuchelewa, wala hakujali tarumbeta zinapiga kelele gani. Chini yake tena kulikuwa na ngoma za viganja, na hizo hazikutua hata mara moja pale nilipozitegea. Nilitega mguu wangu, zikaruka. Nilitega tena, zikaniacha.

"Nera, hawa ni watu wa wapi?"

"Kuba."

"Kuba iko upande gani wa Kisumu?"

"Mbele kidogo," akasema, akazungusha mkono wa gramafoni. Halafu akanieleza aliyoambiwa na yule fundi: kwamba mababu wa hao wapigaji walichukuliwa huku Afrika kwa minyororo, wakavushwa maji makubwa, wakafika huko uchi.

"Sasa ngoma waliibeba wapi?"

Nera akanionyesha viganja vyake, vyeusi kwa grisi. "Hapa."

Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomtia mama wasiwasi.

Nasoma Homa Bay, shule ya bweni, ninapoandika haya nikiwa kidato cha tatu. Niliporudi muhula ule nilimwuliza mwalimu wa jiografia atuonyeshe Kuba ubaoni. Iko pale kwenye ramani, nyembamba, imejipinda, kama kamongo, yule samaki mfano wa nyoka, aliyelazwa juani akauke. Mwalimu alitazama mlango, akatazama dirisha, akaniambia nisilitamke jina hilo karibu na ofisi za wilaya, watu watadhani nimeanza siasa. Nilimwambia nimeanza ngoma tu. Akasema hivyo ndivyo siasa huanza.

Wakati huo nilikuwa bado katika bendi ya shule. Nasema bado, kwa maana haikudumu. Nilipewa ngoma ndogo ya pembeni, ile ya kupigwa kwa vijiti, na kazi yangu ilikuwa kusema kushoto-kulia, kushoto-kulia, mpaka wageni wachoke. Siku alipokuja mkaguzi, tulikuwa tunapita mbele yake kwa gwaride, jua kali, soksi zimepanda magotini. Mkono wangu wa kulia ukachoka kusema kushoto-kulia. Ukasema tatu, mbili. Safu ya kwanza ikasita. Safu ya pili ikaingia katika safu ya kwanza. Kiranja mkuu, jitu lenye miguu ya ng'ombe, akatafuta mguu wake wa kushoto asiupate, akaanguka mbele ya mkaguzi kama gunia la wimbi. Nilifukuzwa bendi kabla vumbi halijatulia. Mkuu wa shule aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema, "Bwana, wangesikiliza wasingeanguka." Nilichapwa viboko vinne. Niliongeza cha tano kichwani ili viwe tatu, mbili.

Kwa hiyo likizo ya Agosti ilinikuta sina ngoma, na ndipo nikaamua kutengeneza yangu.

Nera alinipa pipa la mbao, refu, jembamba kiunoni, lililokuwa la misumari kule machimboni. Ngozi nilijitafutia. Katika boma la jirani kulikuwa kumefanyika matanga, fahali akachinjwa, na kipande cha ngozi kilikuwa kimetupwa juu ya ua wa michongoma, hakina mwenyewe. Nilikichukua, nikakiloweka, nikakikwangua manyoya, nikakivuta juu ya pipa kwa kamba za ngozi, nikakianika siku sita. Hakuna aliyeniuliza. Kwetu kijana mkubwa huwa na nyumba yake karibu na lango la boma, nayo huitwa simba. Ndani ya simba yangu, mbali na macho ya mama, ngoma ikakauka mpaka ukiipapasa kwa kidole inaguna.

Sasa yako mambo mawili ambayo mgeni hawezi kuyajua na mimi sikuwa mgeni. La kwanza, kwetu ngoma kubwa ya kiganja hailii ndani ya boma bila sababu. Ikilia peke yake, bila harusi, bila bia iliyopikwa, basi ameanguka mzee. Hakuna haja ya mjumbe. Mlima unasikia, mlima unakuja. La pili, babu alikuwa na kikohozi kwa wiki tatu, na kila aliyepita njiani aliuliza hali yake kwa sauti ya mtu anayepanga safari.

Mimi niliyajua yote mawili. Ila nilikuwa na akili kwamba huu si mdundo wa kwetu, ni wa Kuba, na mtu yeyote mwenye masikio atajua tofauti.

Nilianza saa nne asubuhi, watu wakiwa mashambani. Nilimpa rafiki yangu mmoja tu nafasi, naye ni ukuta: niliufanya ujibu. Nikapiga pembeni, nikapiga katikati, nikaachia kiganja wazi, doooom. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kuelekea milimani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ngoma ilitua pale nilipotega mguu. Nilifumba macho. Niliona tarumbeta. Niliona kamongo mwenyewe anainuka kwenye ramani anacheza.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke.

"Uuuuwi!"

Nikadhani ni tarumbeta. Nikaongeza.

Nilipofumbua macho na kuchungulia mlangoni, wanawake wa boma la pili walikuwa wanaingia langoni mbio, mikono kichwani. Nyuma yao shangazi, dada wa baba, kafungua kitambaa, anagaragara tangu njiani. Nyuma ya shangazi wanaume wenye mikuki wakiswaga ng'ombe kwa kishindo, matawi mikononi, vumbi hadi mbinguni, maana mzee hazikwi kimya. Waumini wa kanisa la kengele nao wakatokea na kanzu zao nyeupe. Hawa sijui huvaa saa ngapi. Nadhani hulala nazo.

Aliyelia kuwashinda wote alikuwa ndugu wa babu, wa baba mmoja na mama mwingine. Hawa wawili hawakuwa wamesalimiana tangu ua wa mpaka uhamishwe, na mimi nilikuwa sijazaliwa ulipohamishwa. Mzee huyo alikuja kwa fimbo, akasimama katikati ya boma, akautupa mkongojo wake chini na kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume:

"Umeniachia nani? Umeniachia nani wa kugombana naye?"

Mlango wa nyumba ya nyanya ukafunguka. Babu akatoka, blanketi begani, kibuyu cha uji mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

 Ng'ombe mmoja akalia. Shangazi aliinua uso wake wenye vumbi na machozi, akamwona baba yake, akasema kwa sauti ndogo, "Ni wewe, baba."

"Mimi?" Babu akajitazama miguu. Akanywa uji kidogo, kama kuhakikisha. "Mbona sikuambiwa?"

Nusu ya watu wakakimbia. Nusu nyingine wakabaki kwa sababu miguu ilikataa. Ndugu yake aliokota mkongojo, akajifuta uso kwa kiwiko, akasema vumbi la ng'ombe limemwingia machoni.

Hapo bado ningeweza kucheka, na nilicheka, nakiri. Lakini baba alifika. Baba ni karani katika ghala la pamba, na ni mzee wa kanisa. Alisikia akiwa kazini, akapanda baiskeli. Alikuwa ameanguka njiani. Shati lilikuwa limechanika begani na goti linatoka damu. Alipita katikati ya watu bila kumwona yeyote, akamshika babu mabega, akambonyeza mikono, kama anavyobonyeza gunia kujua kama pamba imelowa. Kisha akaketi vumbini na suruali yake ya kazi, akafunika uso.

Hiyo ndiyo sehemu pekee ya kisa hiki nisiyoicheka. Nilimwomba msamaha siku ile ile. Nilimwomba kwa ajili ya goti na njia aliyoipita. Kwa ajili ya ngoma sikuomba, wala sijaomba mpaka leo.

Jioni jua likiwa bado juu wazee waliketi. Kila walichokisema kilisemwa kwa Kijaluo, na mimi nimekipitisha katika Kiswahili changu cha shule, kwa hiyo kimepoteza meno mawili matatu.

"Machozi yameanguka chini," alisema mkubwa wao, "na mtu yuko hai. Machozi hayo yatamtafuta mwenyewe."

Wakataja chira, ile laana inayomla taratibu aliyevunja mwiko, na watu wote wakatazama mbavu zangu kama imeshaanza. Wakasema kondoo achinjwe, kila aliyelia anywe mchuzi wake. Hapo hakuna aliyepinga. Kisha ndugu wa babu akauliza, "Ngozi hii ulipata wapi?"

Nikawaambia.

"Ya fahali wa matanga!" Akapiga paja lake. "Ngoma imeshaonja msiba, mtoto anaileta bomani!"

"Wazee," nikasema, "nipeni nafasi. Ngoma ya matanga inatembea moja kwa moja hadi kaburini. Yangu inazunguka. Haikusema mtu amekufa. Kosa ni la masikio."

"Masikio ya nani?" baba akauliza taratibu.

Nilitazama duara lile lote la masikio makubwa yenye nywele. "Ya upepo," nikasema.

Hukumu ikawa hii: ngoma itobolewe ngozi, na mkono utakaoitoboa uwe ule ule ulioifunga. Mkono mwingine ukitoboa, laana inahamia huko. Baba akaleta kisu cha jikoni, akakiweka mezani nyumbani kwa mama.

"Shule inafunguliwa baada ya siku tisa," akasema. "Kisu kitakaa hapa. Siku utakayoitoboa ndiyo siku sanduku lako litafungwa. Usipoitoboa, utakaa nami ghalani ubebe pamba."

"Baba, na mtihani?"

"Ngoma itakufanyia."

Siku tisa tulikula kuzunguka kisu. Mama alikitumia kukatia vitunguu, akakiosha, akakirudisha pale pale bila kunitazama. Nami sikunyamaza. Niligonga tatu, mbili kwa vijiko juu ya kikombe.

"Acha hiyo," baba akasema.

"Kijiko si ngoma, baba."

"Na mgongo wako ni ngoma?"

"Hapana, baba."

"Tutajua."

Nikahamia kwenye kuni, nikahamia kwenye kwato: nilipowapeleka mbuzi mtoni niliwaswaga kwa mdundo. Dada yangu mdogo aliambukizwa, akawa anatwanga mtama tatu, mbili, nyanya akamnyang'anya mchi. "Nyumba hii," nyanya alisema, "imebaki kuku tu ndio wana akili."

Usidhani sikuogopa. Shule naitaka. Nilishafanya hesabu ya maisha ya ghalani: nyuzi za pamba puani, na baba mbele yangu kila siku akisoma mizani. Siku ya sita mchana, boma likiwa tupu, nilichukua kisu nikaenda nacho simba. Nikaiweka ngoma kati ya magoti, nikaegemeza ncha katikati ya ngozi. Ngozi ikatoa sauti kidogo tu, kama mtu anayeitika akiwa usingizini. Nikakumbuka viganja vya nera vyeusi kwa grisi. Watu wale walivuliwa kila kitu, wakafichua ngoma ng'ambo ya maji, na huko nadhani nako walikuwepo wazee wenye visu. Mimi niitoboe kwa ajili ya sanduku la shule? Nilirudisha kisu mezani. Mama aliona. Alikisogeza kidogo ili kikae kama baba alivyokiacha.

Siku ya nane nera alikuja kutoka Macalder, gramafoni imefungwa nyuma ya baiskeli, mfukoni miiba sita. Aliwaomba wazee waisikilize santuri ili wajue kijana alikuwa anafuata nini. Walikubali, kwa sababu mashine ni mashine. Walisikiliza upande mzima.

"Huyu anayeimba analia nini?" mmoja akauliza.

"Amepoteza kuku," nera akajibu bila kupepesa. Hajui neno hata moja.

"Kuku wa namna gani wa kuliliwa na tarumbeta?"

Ndugu wa babu aliendelea kutazama santuri ikizunguka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa chini, na kutoka chini unaona mengi. Kidole chake gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinapanda na kushuka, na kilikuwa kinakosea, lakini kilikuwa kinajaribu.

Mwiba ulipokwisha, baba aliinuka. "Muziki mzuri," akamwambia nera kwa adabu, maana shemeji ni shemeji. Akanigeukia mimi. "Kisu kiko pale."

Siku ya tisa waliitana wote asubuhi, babu kwenye kigoda chake, kikohozi kimepungua. Ngoma ikaletwa katikati. Baba akanipa kisu kwa mpini. Nikakishika. Nikaisogelea ngoma, wanawake wakashika vinywa. Nikageuka, nikamrudishia baba kisu, mpini mbele kama alivyonifundisha mwenyewe.

"Sitatoboa."

"Umesema?"

"Baba, nitabeba pamba. Kesho niamshe mapema. Ghala nitalifagia, mizani nitaisafisha, na hata huko magunia nitayapiga. Lakini hii sitaitoboa. Mlisikia vibaya. Mmesikia tena jana kwa nera, mkasikia vizuri, na bado mnanipa kisu."

Mkono wa baba uliinuka. Sijui ungetua wapi, kwa sababu babu alikohoa, na wiki zile kila mtu alikuwa amezoea kunyamaza babu akikohoa.

"Mwache kwanza," babu akasema. "Hii ngoma ilimlilia nani?"

"Wewe, baba," baba akajibu.

"Basi ni yangu. Hakuna aliyeniuliza." Alimwelekezea ndugu yake kidole. "Huyu hapa. Hajanisalimia tangu ule ugomvi wa ua. Nilipokuwa mgonjwa kweli hakuja. Ngoma hii ikalia kidogo, akaja akalia mpaka nikamwonea huruma. Ngoma inayoweza kulitoa jiwe machozi mnataka itobolewe? Na nikifa mtanililia na nini? Na debe?"

"Lilikuwa vumbi," ndugu yake akasema.

"Na ni vumbi lililosema nilihamisha ua?"

"Ua ulihamishwa!"

"Haukuhamishwa!"

Waliendelea hapo kwa muda mrefu, na niwaambie, sijawahi kuona wazee wawili wenye furaha namna ile. Walipochoka, babu akanitazama mimi, na uso wake haukuwa wa kucheka.

"Nyakwara, mjukuu wangu. Umekataa neno la baba yako mbele za watu. Hilo umelifanya, na utalibeba. Ngoma itatoka katika lango hili leo, isilale hapa. Nikiwa napumua isirudi. Siku itakayorudi itakuwa imekuja kwa ajili yangu, na siku hiyo utaipiga wewe, mpaka mikono ivimbe, na hutaruhusiwa kuchoka. Umesikia?"

"Nimesikia, kwara, babu yangu."

"Na uipige vizuri. Siku ile ulikuwa unakimbia."

Nilikuwa nakimbia kweli. Sikumwambia.

 Baba aliingia ndani, akatoka na sanduku langu limefungwa. Tulipoifunga ngoma nyuma ya baiskeli ya nera, alisimama akitazama, akaona haivumiliki. "Itaanguka hiyo," akasema. Akakata mpira wa tyubu, akaifunga upya mwenyewe, mafundo ya ghalani, yale yasiyofunguka mpaka ukate. Goti lake lilikuwa bado na kidonda. Hakuniaga, lakini ngoma haikuanguka mpaka Migori.

Pale Migori kondakta wa basi aliitazama, akauliza ni mzigo gani. Nikasema ni babu yangu. Akaipandisha juu kwa heshima kubwa mno, akaifunga peke yake, mbali na kuku.

Shuleni mkuu alikataa isiingie getini. Sikushangaa, mageti yote ni ndugu. Sasa iko mjini Homa Bay, karibu na gati, kwenye karakana ya fundi anayetengeneza mitumbwi, mtu asiyeuliza maswali. Jumamosi mchana naenda kumsaidia kushikilia mbao, kisha napiga saa nzima, ziwa linajibu. Fundi anasema hapendi kelele. Lakini nimesikiliza nyundo yake. Misumari mitatu, kimya, misumari miwili.

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani kwa mguu kutoka barabarani. Babu alikuwa amekaa nje ya lango kabisa, juani, kama mtu wa ushuru. Hakunisalimia. Alitazama mikono yangu, akachungulia nyuma yangu njiani, mbali, mpaka kwenye kona.

"Umekuja na kile kitu?"

"Sikuja nayo, kwara."

"Una hakika?"

"Iko Homa Bay. Na itakaa huko mpaka iote mizizi. Sitaileta hata mkiniita wote."

"Hm," akasema. "Kijana asiyesikia." Akachukua fimbo yake, akagonga nguzo ya lango: ko, ko, ko. Akasubiri. Ko-ko.

"Umechelewa ya nne," nikamwambia.

Akaniambia nitoke mbele yake niende nikale.